Nambari Moja Hapimwi kwa Futi

Msomaji wangu, umewahi kusimama kando ya uwanja siku ya kuteua timu ya shule ya mpira wa vikapu? Mwalimu wa michezo huwapanga vijana mstari mmoja, akawatazama kutoka unyayo hadi utosi, na kabla mpira haujadunda hata mara moja, warefu wameshaambiwa wabaki na wafupi wamerudishwa darasani. Kijana wa watu anaondoka ameinamisha kichwa. Jioni akifika nyumbani anamwuliza mama, "Mbona mimi sirefuki?"

Leo nataka tuzungumze juu ya kipimo hicho. Mfano wangu nitautoa mbali, huko Marekani, ambako watu wanaolipwa mishahara minono ili wasikosee katika jambo hili walikosea mchana kweupe. Na kama utakavyoona, hata jirani zetu wa Tanzania wamo katika kisa hiki.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Kila mwaka ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, hufanya drafti. Si ile drafti ya kusukuma vifuniko vya soda kwenye ubao nje ya kibanda cha kinyozi. Hii ni shughuli ambayo timu 30 hupokezana zamu ya kuchagua vijana, wengi wao wakitoka vyuoni. Kila timu huwa na zamu mbili, na kwa kawaida wachezaji kama 60 hupata mwajiri hapo. Zamu za mwanzo huenda kwa timu zilizofanya vibaya msimu uliopita, na huwapo bahati nasibu ya kuamua ni ipi kati ya hizo itakayotangulia. Ukichagua vizuri, unaweza kuijenga timu kwa miaka kumi. Ukichagua vibaya, mashabiki watakukumbusha kwa miaka hiyo hiyo kumi.

Basi katika timu ya watu watano, kila mmoja ana kazi yake. Nambari tano ndiye yule mrefu anayekaa karibu na kikapu. Nambari moja, ambaye vijana humwita pointigadi, ndiye dereva. Ndiye anayeuleta mpira kutoka nyuma, anayeamua gari lipite barabara gani, nani ashuke na nani apande. Mrefu akikosea, timu hukosa kikapu kimoja. Dereva akikosea, abiria wote hupotea njia. Ndiyo maana kumpima nambari moja ni kazi ngumu kuliko kumpima mchezaji mwingine yeyote. Sehemu kubwa ya anachokifanya hufanyika kichwani, na kichwa hakina futikamba.

Hebu sasa tumweke mezani kijana mmoja kama alivyokuwa mwezi wa Juni mwaka 2009. Nakuomba, kwa dakika chache tu, usahau uliyoyasikia juu yake baadaye. Jifanye wewe ndiye uliyepewa zamu ya kuchagua.

Jina lake Stephen Curry. Alizaliwa mwaka 1988 huko Akron, Ohio, akalelewa Charlotte, North Carolina. Baba yake, Dell Curry, alicheza NBA kwa misimu 16. Mama yake, Sonya, alicheza voliboli katika chuo cha Virginia Tech, ambako alikutana na huyo Dell. Mtoto wa nyumba kama hiyo, ungedhani milango yote ingefunguka yenyewe. Wapi! Chuo hicho hicho cha wazazi wake kilimwona mwembamba mno. Kilimwambia akitaka aje tu, ajaribu bahati yake timuni bila ufadhili wa masomo. Akaenda Davidson, chuo kidogo chenye wanafunzi wasiotimia 2,000, chini ya kocha Bob McKillop.

Tuanze na kipimo cha kwanza, kile cha mwili. Kabla ya drafti vijana hupimwa kama ng'ombe wa maonyesho: urefu, uzito, mikono ikinyooshwa, kimo cha kuruka. Curry alikuwa futi 6 na inchi 2 bila viatu, na kilo zipatazo 82. Kwa nambari moja kimo hicho si kibaya. Lakini alikuwa mwembamba, hakuwa na mbio za kutisha, na hakuwa mtu wa kuruka juu ya wenzake. Isitoshe, miaka yake miwili ya kwanza chuoni hakuwa nambari moja. Alicheza nambari mbili, yaani mtupaji, huku udereva ukishikwa na mwenzake, Jason Richards. Waliomshuku walisema ana mwili wa nambari moja na tabia za nambari mbili, kwa hiyo hatakuwa huyu wala yule. Shaka hiyo, msomaji, haikuwa ya kijinga. Hata mimi na wewe tungeiandika daftarini.

Kipimo cha pili ni hesabu. Msimu wa 2007-08 Curry alikuwa akifunga wastani wa pointi 25.9 kwa mechi. Pasi zake zilizozaa vikapu zilikuwa 2.9 tu, kwa kuwa Richards ndiye aliyekuwa akigawa, na Richards aliongoza nchi nzima kwa pasi hizo msimu huo. Richards alipohitimu, Curry alikabidhiwa usukani. Msimu wa 2008-09 pasi zake zikapanda hadi 5.6 kwa mechi, naye akawa mfungaji bora wa vyuo vyote vikubwa vya Marekani kwa wastani wa pointi 28.6. Lakini usiishie hapo kwa furaha. Alikuwa pia akipoteza mpira mara 3.7 kwa mechi. Dereva anayegonga mara tatu na zaidi kila safari anahitaji kuulizwa maswali.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea kusoma hesabu. Pasi huandikwa kwa jina lako pale tu mwenzako anapofunga. Ukimpa mwenzako mpira safi, naye akaukosea, wewe huandikiwi kitu. Kijana wa chuo kidogo, ambaye wenzake si mafundi wa kutupa, anaweza kutoa pasi nzuri kuliko yule wa chuo kikubwa na bado karatasi ikamwonyesha nyuma. Vivyo hivyo kwa mipira iliyopotea. Yule ambaye kila usiku anawindwa na walinzi wawili atapoteza mingi kuliko yule anayelindwa na mmoja. Hesabu haisemi uongo, lakini haimalizi maneno.

Kipimo cha tatu ni wapinzani. Davidson ilikuwa katika kundi la vyuo vidogo, na mtu angeweza kusema Curry aliwaonea wanyonge. Basi mtazame alipokutana na wakubwa. Mwezi wa Machi 2008, katika mashindano ya taifa ya vyuo, aliifunga Gonzaga pointi 40, Georgetown 30 na Wisconsin 33, na Davidson ikafika mechi moja kabla ya nusu fainali. Hapo walishindwa na Kansas 59 kwa 57, na Kansas ndio waliotwaa ubingwa mwaka huo. Novemba 2008 alifunga 44 dhidi ya Oklahoma. Desemba akawafunga West Virginia pointi 27 na kutoa pasi 10 za vikapu.

Lakini mwezi huo huo wa Desemba walikutana na Purdue. Curry alitupa mara 26 na kufunga mara 5 tu. Davidson ikachapwa 76 kwa 58. Aliyekuwa ameketi jukwaani siku hiyo moja tu na daftari lake, angerudi nyumbani akimkata jina kwa wino mwekundu. Mtu anayempima kijana kwa siku moja hupima ile siku, hajampima kijana.

Hivyo tunakifikia kipimo cha nne, ambacho kwangu mimi ndicho mama wa vipimo vyote vya nambari moja: anafanya nini mambo yanapomwendea kombo?

Nina siku mbili za kukuonyesha. Ya kwanza ni Novemba 2006, Curry akiwa ndio kwanza ameingia chuoni. Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Eastern Michigan, alipoteza mpira mara 13. Mara kumi na tatu, msomaji! Kocha wengine wangemkalisha benchi hadi Krismasi. McKillop alimwanzisha tena katika mechi iliyofuata, dhidi ya Michigan, na kijana akafunga pointi 32. Kumbuka kwamba mwili wake ulikuwa ule ule na miguu ile ile. Kilichobadilika kilikuwa kichwani.

Siku ya pili ni Novemba 2008, dhidi ya Loyola ya Maryland. Kocha wa Loyola aliamua kwamba Curry hatafunga hata ikibidi jambo jingine lote liharibike. Akamwekea walinzi wawili wa kumganda kama kupe, aende wapi, aje wapi. Curry akafanya nini? Hakukasirika, hakulazimisha. Alikwenda kusimama pembeni mwa uwanja, na wale wawili wakaenda kusimama naye. Hesabu ni rahisi: ukimwondoa Curry, Davidson wamebaki wanne, na Loyola wamebaki watatu. Wenzake wakafunga watakavyo. Curry alitupa mara tatu tu usiku mzima na kumaliza na pointi sifuri. Davidson ilishinda 78 kwa 48.

Wengi walioliona jina lake gazetini siku ya pili waliona sifuri. Mimi nakwambia hiyo sifuri ilikuwa na uzito kuliko zile pointi 44. Mfungaji bora wa nchi alikubali kutofunga kabisa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa njia fupi ya ushindi. Dereva wa kweli anajua kwamba kuna safari ambayo kazi yake ni kukaa kando ili abiria wafike.

Sasa tufike New York, usiku wa tarehe 25 Juni 2009. Wa kwanza kuitwa alikuwa Blake Griffin, na hakuna aliyeshangaa. Wa pili, Memphis wakamwita Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, urefu futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Afrika Mashariki nzima ilikuwa na haki ya kushangilia. Wa tatu alikuwa James Harden, wa nne Tyreke Evans. Kisha zikaja zamu mbili za Minnesota zikifuatana, ya tano na ya sita. Minnesota walitaka nambari moja, nao wakachukua wawili mara moja: Ricky Rubio wa Hispania na Jonny Flynn wa chuo cha Syracuse. Curry wakamwacha. Golden State wakamchukua wa saba, huku New York, waliokuwa wa nane na waliokuwa wakimmezea mate, wakibaki mikono mitupu.

Usimcheke Flynn, wala usiwacheke waliomchagua. Miezi mitatu kabla yake, Syracuse ilikutana na Connecticut ya Thabeet katika mechi iliyokwenda nyongeza sita za muda. Flynn alicheza dakika 67 kati ya 70, akafunga 34 na kutoa pasi 11 za vikapu, na timu yake ikashinda 127 kwa 117. Alikuwa na misuli, na aliruka kama chui. Kipimo cha mwili kilimpa alama nyingi kuliko Curry. Kisha nyonga ikamsaliti, akapasuliwa mwaka 2010, na kufikia 2012 alikuwa amekwisha kuiaga NBA. Hakuna futikamba inayopima bahati.

Na Thabeet wetu? Aliuanza mchezo huu akiwa kijana mkubwa tayari, wakati wenzake wa Marekani huuanza wakiwa wadogo. Memphis walijiambia kwamba urefu haufundishwi, mengine atafundishwa. Msimu wake wa kwanza haujaisha wakampeleka ligi ndogo akajinoe, akahamahama timu, na mechi zake za NBA zikafikia kikomo mwaka 2014 kwa wastani wa pointi 2.2. Si aibu yake. Alifungua njia ambayo hakuna Mtanzania aliyekuwa ameipita, na haikuwa yeye aliyejiweka nafasi ya pili. Waliompima kwa futi ndio waliomtwika mzigo wa kubeba futi hizo.

Curry naye hakupaa siku moja. Mwaka wake wa kwanza tuzo ya chipukizi bora ilikwenda kwa Evans, naye akawa wa pili. Vifundo vya miguu vikamsumbua, akapasuliwa mwaka 2011 na tena 2012, na msimu wa 2011-12 alicheza mechi 26 tu. Waliosema ni mwembamba wakapata la kusema. Lakini subira ilizaa. Ubingwa ukaja 2015, 2017, 2018 na 2022. Akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na tena 2016, na mara hiyo ya pili wapiga kura wote 131 walimpa nafasi ya kwanza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Desemba 2021 alivunja rekodi ya mitupo ya pointi tatu, na Machi 2025 akawa mtu wa kwanza kufikisha 4,000. Katika fainali ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 aliwafunga wenyeji Ufaransa pointi 24, akaondoka na dhahabu.

Wapimaji walikosea wapi basi? Waliyoyaona yalikuwa kweli. Mwembamba alikuwa, na vifundo vilimwuma. Ila walimpima kwa mchezo wa jana. Msimu aliouanzia, kila timu ilitupa mitupo ya pointi tatu takriban 18 kwa mechi. Msimu wa 2024-25 ilikuwa zaidi ya 35, na yeye ni mmoja wa waliousukuma mchezo hadi huko. Tena jambo lililowashinda walinzi wa NBA lilikuwa lile lile la Loyola. Watu wawili humkimbilia Curry hata akiwa hana mpira, na wenzake wakacheza wanne kwa watatu. Ushahidi ulikuwa mezani tangu Novemba 2008. Ulikuwa umeandikwa kwa tarakimu ya sifuri, ndiyo maana macho yaliuruka.

Sasa kazi ni kwako, mwanafunzi. Siku ya michezo baina ya shule, chukua daftari na umchague nambari moja wa kumfuata, awe mvulana au msichana. Chora safu nne. Ya kwanza, andika kila pasi nzuri, hata kama aliyepokea amekosa kufunga. Ya pili, kila mpira uliopotea, na uandike alilindwa na wangapi. Ya tatu, alifanya nini katika dakika mbili zilizofuata kosa lake: alijificha, alikasirika, au aliomba mpira tena? Ya nne, timu ilikuwaje yeye alipotolewa kupumzika? Rudia mechi tatu, si moja. Ukimaliza utakuwa na habari ambazo mwalimu wako hana, na ambazo urefu wa mtu hauwezi kukupa.

Na wewe mzazi, kuna kipande cha kisa hiki kilicho chako. Curry akiwa bado sekondari, alikuwa akitupa mpira akianzia kiunoni, kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu. Baba yake aliona walinzi warefu wangemzuia daima. Likizo moja nzima walikaa uani wakiubomoa mtupo huo na kuujenga upya juu ya kichwa. Mwanzoni mtoto aliyekuwa hodari alishindwa kutupa akiwa mbali na kikapu. Baba hakumwambia arefuke. Alimwonyesha kinachorekebishika, kisha akakaa naye hadi kirekebike.

Tena huyo kijana aliondoka Davidson mwaka 2009 kabla ya kumaliza masomo yake. Mwaka 2022, akiwa na utajiri wake wote na pete za ubingwa vidoleni, alimaliza masomo yaliyobaki na kupata shahada yake. Hakuna timu iliyomdai cheti hicho.

Kwa hivyo kesho kijana wako akirudi nyumbani ameinamisha kichwa kwa kuwa amesimamishwa upande wa wafupi, usimpime mlangoni kwa kalamu. Mwulize alipoteza mipira mingapi, na alifanya nini baadaye. Tukutane Jumapili ijayo.